Ndani ya Nyumba Yangu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Zaburi 101; Mhubiri 7:10; 2 Wakorintho 3:18; 2 Petro 2:7, 8; Matendo 17:11; Isaya 58:13, 14.

Fungu la kukariri: Zaburi 101:3. Likariri kutoka katika Biblia mnayoitumia nyumbani, na watoto walikariri pamoja nawe.

Kwa miaka mingi waumini wa Kanisa letu walishauriwa wasiingie katika majumba ya sinema. Shauri hilo lilikuwa rahisi kulielewa. Sinema ilikuwa jengo mjini. Mtu alipaswa kutoka nyumbani, kununua tiketi na kupita mlangoni, mahali ambapo mshiriki mwenzake angeweza kumwona. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994 tu. Leo jengo lile limehamia sebuleni. Limo katika king'amuzi, katika flashi inayozunguka kutoka nyumba hadi nyumba, na katika simu iliyo chini ya mto wa kijana. Filamu ya mwaka 1956 na ile iliyotoka mwezi uliopita ziko katika orodha moja, zikisubiri kidole.

Kwa sababu hiyo vijana wetu wanauliza: kama ilikuwa kosa kwenda sinema, kwa nini iwe halali kuketi nyumbani na kutazama kitu kile kile? Na kama ni halali nyumbani, kosa la zamani lilikuwa nini? Swali hili ni la haki. Linastahili jibu kutoka katika Biblia, si karipio. Tusipolijibu sisi, watalijibu wenyewe, na wengi wao watahitimisha kwamba wazazi wao hawakuwa na sababu yoyote.

Juma hili tutaona kwamba jambo la kwanza si umri wa filamu, wala umaarufu wake, wala jina la Biblia lililoandikwa juu yake. Jambo la kwanza ni kwamba mwenye nyumba anachagua mbele za Mungu, na kwamba alichokichagua kitaendelea kufanya kazi moyoni baada ya kioo kuzimwa.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.


JUMAPILI

Nadhiri ya Mwenye Nyumba

Soma Zaburi 101:1-4. Daudi anaweka nadhiri gani, na anaiweka kuhusu mahali gani?

Zaburi hii imeandikwa kwa jina la Daudi, na sauti yake ni ya mtawala. Mfalme angeweza kuanza na mambo ya barazani: vita, kodi, mashauri ya watu. Yeye anaanza na nyumbani. Anasema jinsi atakavyoenenda ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mara tu baada ya hapo anayataja macho yake. Utaratibu huo una maana. Barazani mfalme hutazamwa na watu. Nyumbani, mlango ukishafungwa, huonekana na Mungu na wachache wanaolala chini ya dari moja naye.

Mzazi anayewakataza watoto filamu fulani mchana, kisha akaitazama mwenyewe saa sita usiku huku sauti imepunguzwa, ameshindwa mahali pale pale zaburi hii inapoanzia. Watoto hawalali wote kwa wakati mmoja. Wakigundua kwamba katazo la baba ni la watoto tu, hawatajifunza kuuchukia uovu. Watajifunza kusubiri wawe wakubwa.

Angalia pia kitenzi anachokitumia Daudi. Hasemi kwamba macho yake hayataona kamwe jambo baya. Mtu anayeishi katika dunia hii ataona mengi asiyoyataka: barabarani, dukani, ndani ya basi la safari ndefu ambalo abiria hakuichagua filamu. Daudi anasema juu ya kuweka. Kuona kunaweza kumpata mtu. Kuweka ni kazi ya mkono wake. Ndani ya basi hatuna rimoti. Sebuleni tunayo.

Sasa soma 2 Samweli 11:2-4. Ni nini kinachohuzunisha tunapolinganisha kisa hiki na Zaburi 101?

Mtu aliyeweka nadhiri juu ya macho yake aliangushwa na macho yake, tena akiwa nyumbani kwake, juu ya dari ya jumba lake. Nadhiri yake ilikuwa njema, lakini nadhiri peke yake haina nguvu za kumshika mtu. Rudi kwenye fungu la 2 la zaburi. Katikati ya ahadi zake Daudi anauliza swali, na swali hilo ni ombi: anataka kujua ni lini Mungu atakuja kwake. Kanuni iliyobandikwa ukutani haitoshi kuilinda nyumba. Nyumba hulindwa na kuwapo kwa Bwana ndani yake. Kanuni zetu zinafaa pale zinapotuweka karibu naye. Zikisimama peke yake, zitatuangusha kama zilivyomwangusha mfalme.

Je, kuna jambo unalolitazama ukiwa peke yako ambalo ungelizima upesi kama mtoto wako angefungua mlango? Utamwambia Mungu nini leo kuhusu jambo hilo?


JUMATATU

Je, Siku za Kale Zilikuwa Njema?

Soma Mhubiri 7:10. Kwa nini mwenye hekima anatuonya tusiulize swali hilo?

Nyumba nyingi za waumini zina kanuni isiyoandikwa: filamu za zamani ni safi, za siku hizi ni chafu. Kanuni hiyo ina ukweli kiasi. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 studio kubwa za Marekani zilifuata kanuni ya maadili iliyobana uchi, matusi na hadithi ambazo mhalifu anashinda mwishoni. Ndiyo maana mzazi anaweza kucheza filamu nyingi za miaka hiyo bila kuogopa kwamba dakika ya 40 atalazimika kuruka mbele ya kioo.

Lakini kilichokosekana kwenye kioo hakikuwa lazima kimekosekana moyoni mwa waliozitengeneza. Chukua filamu za Tarzan zilizoanza na Johnny Weissmuller mwaka 1932. Hazina matusi. Lakini Waafrika ndani yake ni wapagazi wasio na majina, au ni kundi la kutisha linalopiga kelele, na bwana wa nchi ni mzungu mmoja aliyekulia mwituni. Chukua "Gone with the Wind" ya mwaka 1939, inayohesabiwa miongoni mwa filamu kubwa kuliko zote. Ndani yake utumwa unaonekana kama maisha matulivu yaliyoharibiwa na vita. Hattie McDaniel, aliyeigiza kama mtumishi wa nyumbani, alikuwa mtu wa kwanza mweusi kupewa tuzo ya Oscar; hata hivyo hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa filamu hiyo mjini Atlanta, kwa sababu ya sheria za ubaguzi.

Soma Mwanzo 1:27 na Matendo 17:26. Mafungu haya yanasema nini juu ya filamu inayomdharau mwanadamu bila kutamka tusi hata moja?

Dharau juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ni uovu, hata kama imevaa suti nzuri na kuimbiwa muziki mtamu. Mtoto wa Kiafrika anayecheka pamoja na filamu ya namna hiyo anafundishwa kujicheka mwenyewe. Ongeza sigara na pombe, ambazo katika filamu nyingi za enzi hiyo ni alama ya mtu mwungwana, na utaona kwamba neno "ya zamani" si cheti cha usafi.

Vivyo hivyo "ya kisasa" si hukumu. "Queen of Katwe," iliyotoka mwaka 2016, inasimulia habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyejifunza sataranji na kuiwakilisha Uganda. "The Boy Who Harnessed the Wind," ya mwaka 2019, inaonyesha jinsi William Kamkwamba wa Malawi alivyojenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu wakati wa njaa. Zote mbili zina mambo ya kuzungumzia, na mzazi afanye vizuri kuzitazama kwanza. Lakini familia iliyozikataa kwa sababu tu ni mpya, ikachagua Tarzan kwa sababu tu ni ya kale, haikuchagua. Imeiachia kalenda ichague.

Vibao vya umri vinavyowekwa na mamlaka za serikali vina msaada, lakini navyo havichagui kwa niaba yetu. Vinatuambia ni nini ambacho mtoto hapaswi kuona kwa kipimo cha sheria. Havituambii ni nini kinachoujenga moyo unaomngoja Bwana.


JUMANNE

Kutazama na Kubadilishwa

Soma Mwanzo 3:6 na Yoshua 7:21. Dhambi ya Eva na dhambi ya Akani zinafuata hatua zipi zinazofanana?

Wote wawili waliona, wakatamani, wakatwaa. Mkono ulikuwa wa mwisho kutenda. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika machoni na moyoni kabla mkono haujanyooshwa.

Filamu imetengenezwa kufanya kazi mahali hapo hapo. Mtengenezaji mwenye ustadi haanzi kwa kutushawishi kwamba uzinzi ni halali. Hilo tungelikataa mara moja. Anaanza kwa kutufanya tumpende mtu. Tunamwona akilia, akinyanyaswa na mumewe, akicheka na jirani mpole. Muziki unatuambia lini tuhuzunike na lini tufurahi. Saa moja baadaye, muumini anayeiamini amri ya saba anajikuta kwenye kochi akitamani wawili wale wafanikiwe, na kumkasirikia mume anayerudi nyumbani mapema. Hakuna aliyemfundisha neno lolote. Alisimuliwa tu hadithi.

Soma 2 Petro 2:7, 8. Lutu aliathiriwaje na mambo aliyoyaona na kuyasikia Sodoma?

Petro anasema nafsi ya Lutu iliumia siku baada ya siku. Maumivu hayo yalikuwa ishara ya uhai. Mtu ambaye ganzi imemshika mkono anaweza kuushika moto asijue. Basi kipimo kimoja tunachoweza kukitumia nyumbani ni hiki: je, tukio ambalo miaka mitatu iliyopita lilitufanya tuzibe macho, leo tunalitazama huku tukila chakula cha jioni? Kama ndivyo, filamu haikubadilika. Sisi ndio tuliobadilika.

Soma 2 Wakorintho 3:18. Paulo anasema tunabadilishwa kwa kumtazama nani?

Fungu hili hutumiwa mara nyingi kama onyo, na kanuni yake kweli inaonya: mwanadamu hufanana na kile anachokikazia macho. Lakini Paulo aliliandika kama habari njema. Kanuni ile ile inayoweza kutuharibu ndiyo Roho anayoitumia kututengeneza. Kwa hiyo lengo la nyumba ya Kikristo haliishii kwenye kioo kilichozimwa. Yesu alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, ikabaki tupu, na hali yake ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza (Mathayo 12:43-45). Familia inayouza televisheni lakini haina ibada, haina wimbo, haina hadithi za Biblia wala mazungumzo mezani, imefagia tu. Watoto watakitafuta kioo kwa jirani.

Linganisha muda ambao familia yako ilitumia mbele ya kioo juma lililopita na muda iliotumia mbele ya Neno. Ni badiliko gani moja, dogo na la kweli, mnaloweza kuanza nalo juma hili?


JUMATANO

Musa wa Kitabu na Musa wa Filamu

Soma Kutoka 2:11-15 na Waebrania 11:24-27. Kwa mujibu wa mafungu haya, ni nini kilichomwongoza Musa kuiacha nyumba ya Farao?

Kuna filamu ambazo waumini huzitazama bila kuuliza swali, kwa sababu ni filamu za Biblia. Maarufu kuliko nyingi ni "The Ten Commandments" ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Cecil B. DeMille, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu. Wengi wetu tukifumba macho na kumfikiria Musa, tunaiona sura ya Charlton Heston na ndevu zake. Bahari inapotengana, tunaiona kama alivyoitengeneza DeMille.

Filamu hiyo imewafanya watu wengi waifikirie sheria ya Mungu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini imeongeza mambo mengi. Farao katika kitabu cha Kutoka hana jina. Filamu inamwita Rameses. Binti wa kifalme anayempenda Musa, na ambaye wivu wake unaisukuma sehemu kubwa ya hadithi, hayumo katika Maandiko. Hili si kosa dogo la historia. Waebrania inasema Musa alichagua kwa imani, akiutazama ujira ulio mbele. Filamu inapoweka mapenzi na ushindani wa wanaume wawili katikati ya kisa, imani hupata jirani ambaye Maandiko hayakumpa.

Filamu nyingine zimekwenda kwa uangalifu zaidi. "Ben-Hur" ya mwaka 1959, ingawa kisa chake kimetungwa, haikuonyesha uso wa Kristo hata mara moja. Mtazamaji anaona tu nyuso za wale wanaomtazama. Filamu ya "Yesu" ya mwaka 1979 ilijengwa juu ya Injili ya Luka, imetafsiriwa katika mamia ya lugha, Kiswahili kikiwamo, na imeonyeshwa usiku katika viwanja vya vijiji ambako wengi hawajui kusoma. Hata hivyo uso ule ni wa mwigizaji, na sauti ile ni ya msomaji. Si Bwana.

Soma Matendo 17:11. Watu wa Beroya walifanya nini baada ya kumsikia Paulo, na tunawezaje kufanya hivyo baada ya kutazama filamu ya Biblia?

Kama mtume alichunguzwa kwa Maandiko, DeMille hawezi kupita bila kuchunguzwa. Hapa pana nafasi nzuri kwa mzazi. Baada ya filamu, fungueni kitabu cha Kutoka. Waulize watoto: hili limeandikwa wapi? Hili halikuandikwa, kwa nini waliliongeza? Ni nini ambacho Biblia imekisema na filamu imekiacha? Filipo alimwuliza towashi katika gari kama aliyaelewa aliyokuwa akiyasoma (Matendo 8:30). Mzazi mwenye hekima huuliza hivyo hivyo juu ya yale yanayotazamwa.


ALHAMISI

Picha Iliyokuwa Ukutani

Soma Kutoka 20:8-11, 13. Ungemweleza nini kijana anayesema amri hizi haziwezi kutunzwa jeshini?

Wasabato wengi wanalijua jina la Desmond Doss. Alizaliwa mwaka 1919 huko Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani. Aliingia jeshini mwaka 1942 kama mhudumu wa tiba, akakataa kushika silaha na akaomba aitunze Sabato. Wenzake walimdhihaki na baadhi ya wakubwa wake walitaka aondolewe. Mwaka 1945, juu ya jabali lenye mwinuko mkali katika kisiwa cha Okinawa, alibaki na majeruhi baada ya kikosi chake kurudishwa nyuma, akawateremsha mmoja mmoja kwa kamba huku akimwomba Mungu ampe nguvu za kumwokoa mmoja zaidi. Idadi iliyoandikwa ni watu 75. Mwezi Oktoba mwaka huo Rais Truman alimvika Nishani ya Heshima, na akawa mtu wa kwanza kuipokea akiwa amekataa kwa dhamiri kubeba silaha.

Doss alifariki mwaka 2006. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, ilitoka filamu ya "Hacksaw Ridge," iliyoongozwa na Mel Gibson. Hapa familia ya Kisabato inakutana na swali gumu kwelikweli. Filamu hii inamheshimu ndugu yetu, inaitaja Sabato, na inamwonyesha shujaa anayesali na kusoma Biblia yake. Filamu hiyo hiyo ina matukio ya vita yenye damu nyingi kiasi kwamba kwao Marekani mtoto aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia kuitazama bila mzazi. Mshiriki mmoja atasema: tuitazame Ijumaa jioni na vijana wote, ni filamu ya Msabato. Mwingine atasema: siwezi kuipokea Sabato kwa miili iliyokatwakatwa. Nani ana haki?

Kabla ya kujibu, tujiulize Doss alitoka wapi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba nyumbani kwao, alipokuwa mtoto, palikuwa na picha kubwa ukutani yenye Amri Kumi, na kila amri ilikuwa na mchoro wake. Alizoea kupanda juu ya kiti aitazame. Mchoro uliomshika ulikuwa ule wa amri ya sita: Kaini amesimama na Abeli amelala chini amekufa. Mtoto yule alijiuliza ndugu anawezaje kumtenda nduguye jambo kama lile, na swali hilo halikumwacha tena. Miaka mingi baadaye lilimpeleka vitani bila bunduki.

Familia ile haikuwa na televisheni. Ilikuwa na picha moja, na kijana mmoja aliitazama mpaka ikamfanya jinsi alivyokuwa. Tena ilikuwa picha ya mauaji. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila picha ya uovu ni haramu. Biblia yenyewe inasimulia uuaji wa Kaini, uzinzi wa Daudi na mambo ya kutisha katika Waamuzi 19. Tofauti iko hapa: Biblia haiupambi uovu, haiuchezi kwa ladha, haitufanyi tuutamani. Inatuonyesha Abeli amelala chini ili tumlilie, si ili tuburudike kwa jinsi alivyoanguka.

Soma Isaya 58:13, 14 na Walawi 23:32. Mafungu haya yanatusaidiaje kuamua ni saa gani jambo fulani lifanyike?

Kwa swali la Ijumaa jioni, jibu liko karibu. Sabato huanza jua linapotua, na Bwana ameiita siku ya furaha. Filamu ya vita, hata ya ndugu yetu, inayaburuta mawazo hadi Okinawa katika saa ambayo Mungu anataka kukutana nasi. Kisa cha Doss kinaweza kusimuliwa katika ibada ya kufungua Sabato kwa dakika kumi, na mioyo ikajengwa. Iko pia filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2004, "The Conscientious Objector," ambamo Doss mwenyewe, akiwa mzee, anazungumza kwa maneno yake. Kama baba na mama wakikubaliana kuitazama "Hacksaw Ridge" siku nyingine pamoja na kijana wao mkubwa, na kuizungumzia baada ya hapo, wasihukumiwe na anayejizuia. Naye anayejizuia kwa ajili ya Bwana asidharauliwe (Warumi 14:3-5). Ila mtoto mdogo asiwekwe mbele yake kwa kisingizio kwamba ni filamu ya kanisa.

Ni picha gani iliyo "ukutani" nyumbani kwako sasa, ambayo mtoto wako anaitazama kila siku? Unafikiri itamfanya mtu wa namna gani?


IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma 2 Samweli 12:1-7. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kutaja amri. Alisimulia hadithi ya tajiri, maskini na mwana-kondoo mmoja. Hadithi ilipita mahali ambapo karipio lisingepita, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Yesu naye alifundisha kwa mifano. Kwa hiyo hadithi si adui wa imani. Ni chombo chenye nguvu, na kila chombo chenye nguvu huulizwa kimeshikwa na nani. Hadithi ya Nathani ilimwamsha Daudi. Hadithi nyingi za kioo humlaza usingizi.

Ellen G. White alifariki mwaka 1915, wakati filamu bado hazikuwa na sauti. Maonyo yake juu ya burudani yalihusu hasa majumba ya maigizo ya siku zake, na hoja yake ilikuwa juu ya kile kinachotokea ndani ya mtu: ladha ya mambo ya kiroho inayopungua, hamu ya msisimko inayoongezeka, na kazi za kila siku zinazoonekana hazina utamu. Sasa tunaweza kumjibu kijana aliyeuliza mwanzoni mwa juma. Onyo halikuwa juu ya matofali ya jengo. Lilikuwa juu ya moyo, na moyo hubaki ule ule mjini na sebuleni. Kwa hiyo kilichokuwa hatari kule ni hatari hapa, na kilicho chema hakiwi kiovu kwa sababu kimeonyeshwa kwenye kioo. Tofauti ni kwamba kule palikuwa na bawabu mlangoni. Hapa bawabu ni wewe.

Familia nyingi zimesaidiwa na taratibu chache. Chagueni filamu kabla ya kuwasha, si baada. Mzazi atangulie kuitazama au kuuliza mtu anayeijua. Tazameni pamoja, sebuleni, simu za watoto zisilale nao chumbani. Yeyote katika nyumba, hata mdogo kuliko wote, awe na ruhusa ya kusema "naomba tuzime," na neno lake liheshimiwe bila kumcheka. Ibada ya jioni itangulie, isisubiri filamu iishe. Na siku ya Maandalizi, kioo kizimwe mapema ili jua likitua nyumba iwe tayari kumpokea Bwana wa Sabato.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, wako waliolelewa katika siku ambazo kwenda sinema kulikatazwa, na wako waliozaliwa na simu mkononi. Kila kundi lieleze lilichofaidi na lilichopoteza. Wazee wasikilize kwanza.

2. Mshiriki mpya anawaalika nyumbani kwake Sabato mchana baada ya chakula, na anaweka filamu ya Biblia kwa nia njema. Mtafanya nini ili msimwaibishe, na bado Sabato iheshimiwe?

3. Taja filamu moja ya zamani inayopendwa mtaani kwenu. Inamfundisha mtazamaji amtamani nani, amcheke nani, amwogope nani? Lipimeni jibu lenu kwa Wafilipi 4:8.

4. Mama anayelea watoto peke yake hutoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku, na televisheni ndiyo inayokaa na watoto. Itakuwa rahisi kumlaumu. Badala yake, darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili ili watoto wale wapate mtu wa kukaa nao?

5. Zaburi 101 ina nadhiri, na ndani ya nadhiri mna ombi. Andikeni kama familia nadhiri fupi juu ya macho yenu, kisha mwombeni Mungu aje nyumbani kwenu, kwa maana bila yeye hamtaweza kuitunza.